Kihori cha Upande wa Pili

Mimi si mtu wa kutoka. Naanza na hilo ili nisije kuonekana nimejificha nyuma ya hadithi. Cherehani yangu iko barazani, jiko liko uani, choo kiko nyuma ya jiko, na chai mke wangu ananipitishia dirishani kama mfungwa mwenye tabia nzuri. Anayetaka kanzu anakuja. Anayetaka kupunguziwa suruali anakuja, na anayetaka kuongezewa, hasa baada ya mavuno, anakuja pia akiwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Duka la uzi liko mtaa wa pili tu, na safari hiyo huwa naiahirisha mpaka uzi umalizike na mteja amenisimamia. Hapa Kibiti kuna watu wanaodhani nilihama zamani.

Ila sikukuu ya Idi nilikuwa natoka. Idi zote mbili za mwaka, tena siku tatu mfululizo, kwa sababu nilikuwa na kazi uwanjani na kazi yenyewe hakuna mwingine aliyeiweza. Nilikuwa uzito.

Kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ni fundi mashua wa deltani. Alipohamia huku barabarani kufuata shule ya watoto wake, alikuta hakuna mtu anayehitaji mashua, na mikono yake ikawa inamwasha. Akaamua kutengeneza pembea ya Idi, ile ya kusimama kama gurudumu, inayopandisha watu juu na kuwashusha. Nguzo alizifanya za mkoko. Mikono ya gurudumu ikawa minne, na kwenye kila ncha akaning'iniza kiti cha kukaa watu watatu wanaopendana au wawili wasioelewana. Tatizo ni kwamba hajawahi kutengeneza kitu chochote duniani zaidi ya vyombo vya majini. Kwa hiyo vile viti vikatoka vihori, vile vimashua vidogo vya kuvukia mto, vyenye mbavu, vyenye mkuku, ule uti wa mbao wa chini, na mwisho akavikalafati kabisa, yaani akajaza pamba yenye mafuta kwenye maungio yote ya mbao ili maji yasipenye.

Nilimkuta akishindilia pamba nikamuuliza, "Shem, hiki kinakwenda Mafia?"

Akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Mie nikiacha upenyo kwenye ubao, nitalalaje?"

Alilala vizuri. Idi ya kwanza ikaangukia masika, na alfajiri mvua ikanyesha. Tulipotoka kuswali, akina mama wakaikimbilia pembea wakiwa na magauni mapya niliyoyashona wiki tatu bila kunyoosha mgongo. Waliokaa kwanza walizama mpaka kiunoni. Mashua nyingi za watu huingiza maji. Ya shemeji yangu ilikuwa haitoi. Mtu yeyote mwingine angetoboa tundu moja dogo chini, mambo yakaisha. Yeye alisema fundi mashua hawezi kutoboa chombo kwa mkono wake mwenyewe, labda apoteze akili. Basi kila Idi ya mvua foleni ilisubiri huku mwenye pembea akichota maji kwenye vihori kwa kopo la blubendi, kihori kimoja baada ya kingine, juu ya nchi kavu, kilomita nyingi kutoka baharini.

Sasa uzito. Pembea ile ilizungushwa kwa mikono. Shemeji alisimama upande mmoja, mwenzake upande mwingine, wakawa wanavuta mikono ya gurudumu inaposhuka na kuisukuma inapopanda. Ikiwa kihori cha huku kimezidi cha kule, kizito kinashuka chini na kukaa, na hakuna mwanamume wa kukiinua. Kwa hiyo kupakia watu ndiyo kulikuwa kazi yenyewe, na shemeji alikuwa na jicho la kupakia mashua. Aliwatazama watu waliovaa sikukuu kama anavyotazama viroba vya mkaa na nazi.

"Mama mkubwa, wewe kaa peke yako. Nyie watatu wembamba, huku. We kijana, umekula pilau? Sahani ngapi? Basi hamia kule."

Hakuna aliyenuna, kwa sababu ilikuwa Idi na kwa sababu hakumbagua mtu katika ufidhuli wake.

Siku moja walikuja dada watatu kutoka Ruaruke, wanawake wa haja, wakakaa kihori kimoja na wakakataa katakata kutenganishwa. Shemeji akaweka upande wa pili vijana wanne. Wapi. Akaongeza mtu. Kihori cha wale dada hakikujitingisha hata kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mishikaki yangu, sina habari na mtu, nawaza kurudi nyumbani. Nikaona macho ya shemeji yananipima kuanzia kofia mpaka ndala.

"Shem! Hebu weka chini hiyo mishikaki, njoo uokoe jahazi."

Akawashusha vijana wote, akanikalisha mimi na mmoja wao. Pembea ikanyanyuka kama mlango uliotiwa mafuta. Watu wakapiga makofi. Mtu wa kukaa ndani kama mimi, hajawahi kupigiwa makofi hata siku ya harusi yake, ndiyo hivyo nikaonja.

Tangu hapo nikawa na cheo. Nilikuwa na kigoda changu kando ya nguzo, soda yangu bure, na kila walipotokea watu wazito jina langu la cheo liliitwa uwanja mzima: "Uzito yuko wapi?" Hata Ikwiriri walinijua. Shemeji alinipeleka huko siku moja wakati wa ufuta, akanipandisha kwenye mizani ya mnunuzi ili ajue anafanya kazi na kipimo gani. Mpimaji akasogeza vyuma, akakuna kichwa, akasema, "Gunia moja na robo. Lakini hili halijapepetwa."

Mke wangu alichoka kunicheka. Yeye ni mwembamba. Nikimshonea gauni, kitambaa kinachobaki natoa kofia mbili. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo wakati ule sikuliona kuwa ni jambo. Kwa miaka yote ile ya pembea hatukuwahi kukaa kihori kimoja. Tulijaribu mwanzoni, shemeji akatufukuza. "Ukikaa na dada yangu, nani atakaa kule? Nenda upande wa pili." Upande wa pili wa gurudumu maana yake ni kwamba yeye akiwa juu mimi niko chini, mimi nikiwa juu yeye yuko chini, na katikati tunapishana kwa mbali, mmoja anapanda na mwingine anashuka. Mazungumzo yetu yote ya Idi yalikuwa ya kupigiana kelele.

"Umefunga mlango?"

"Nini?"

"Mlango!"

Na mpaka nimesikia, nimeshafika juu na yeye yuko miguuni pangu, mdogo kama kifungo.

Mwaka jana, baada ya Idi ya kuchinja, bega la shemeji likagoma. Alikwenda hospitali akapewa dawa ya kuchua na shauri la kutosukuma watu tena. Nikadhani pembea imekufa. Nilikosea. Fundi wa kuchomelea wa pale stendi alimshawishi waijenge upya yote, ya chuma, waitie injini ya mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa imekaa bure huko Mkongo. Wakafunga giaboksi ya lori lililokufa, mkanda, na klachi ya mkono. Vihori vinne vikawa viti nane vya bati vyenye mnyororo wa kufungia mbele na, tazama maajabu, matundu ya kutolea maji. Vihori vya zamani vikagawiwa. Kimoja kiko kwake, ng'ombe wananywea maji, na hakivuji.

Alikuja kunipa habari mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai yangu, akashika vitambaa vya watu akavirudisha. Nikajua ana neno.

"Shem," akasema, "Idi hii pumzika."

"Nipumzike na nini? Mimi kwani kuna siku sipumziki?"

"Na ile kazi. Injini haina habari na nani mnene. Wakae wanavyotaka, tembo upande huu, sungura upande ule, inazunguka."

"Ah! Afadhali," nikasema. "Kwanza mgongo ulikuwa unaniuma. Kile kihori kilikuwa kinanibana. Na ile soda haikuwa ya baridi."

Nikaendelea kutaja faida mpaka uzi ukakatika. Dirishani mke wangu alikuwa ananisikiliza na birika mkononi.

"Kwa hiyo Idi hii una kisingizio gani cha kutoka?" akaniuliza kaka yake alipoondoka.

"Sina haja ya kutoka. Idi ni moyoni."

"Moyoni," akasema, na akarudi jikoni akicheka peke yake.

Sitaki kudanganya. Liliniuma. Mtu mwingine ana msikiti wake, ana timu yake, ana kijiwe cha kahawa. Mimi katika mji huu mzima nilikuwa na kihori kimoja, na nje ya kihori hicho sikujua nisimame wapi wala nishike nini. Nikiwa Uzito nilisalimiana na watu mpaka wa visiwani. Bila hivyo mimi ni fundi cherehani ambaye watu wanaulizana kama bado yuko hai. Nikaona Idi imenifungia mlango kwa nje. Na kwa vile mimi ni mtu mzima niliyesoma mpaka kidato cha nne, nikafanya ambacho mtu mzima aliyesoma angefanya: nikakaa nikiiombea injini ikorofishe. Si kwa ubaya. Ikohoe kidogo tu, izime, watu washike videvu, mtu mmoja aseme, "Hebu mwiteni Uzito."

Idi mosi sikutoka. Niliswali, nikarudi, nikala, nikakaa barazani na kanzu yangu mpya kama bidhaa. Injini niliisikia kuanzia saa nne asubuhi. Nilitega sikio kwa kila mlio wake kama daktari. Ilipopunguza kasi nilisimama. Ilipoongeza nilikaa. Haikuzima hata mara moja. Watoto wa jirani wakapita na mapulizo. Mama mmoja mteja wangu akasimama kabisa.

"Fundi, leo hawajakuita?"

"Nimeomba likizo," nikamwambia.

Idi pili, baada ya alasiri, mke wangu akatoka chumbani amevaa gauni jipya, amejitanda mtandio, ana pochi. Hakuniuliza. Alisema, "Nakwenda kupanda pembea. Kaka yangu ameijenga upya, nisiende kuiona? Unakuja au unalinda cherehani?"

"Nakwenda kukagua tu," nikasema. "Kuna mambo ya kuchomelea hayo, mtu lazima aangalie."

Uwanja ulikuwa umejaa. Pembea mpya nilianza kuiona tangu kwenye maduka, rangi nyekundu na kijani, inapita juu ya mabati ya soko. Nilitaka kuichukia na ilinishinda. Ilikuwa nzuri. Ilizunguka laini, mfululizo, viti vinane vimejaa watu, wanene juu ya wembamba, bila mpangilio, dhambi tupu kwa mtu wa kazi yangu, na haikutetereka. Wale dada watatu wa Ruaruke walikuwa kiti kimoja. Walipita juu yangu, mmoja akanipungia mkono, na hawakunihitaji.

Nikazunguka nyuma kukagua viungo. Nikagonga chuma kimoja kwa kidole. Kilikuwa kizima.

Shemeji nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kando ya injini, mkono kwenye klachi, masikioni amejaza pamba. Pamba ile ile ya kukalafatia, mwenyewe sasa hapenywi na neno. Nilimpigia salamu mara mbili, akaona mdomo wangu unacheza, akainua kidole gumba. Zamani saa kama hiyo angekuwa ameshamsimamisha mtu juu kabisa na kumwambia hashuki mpaka awasalimie wakwe zake mbele ya kadamnasi. Angekuwa ameshamwambia bwana harusi fulani kwamba mkewe ana akili kumzidi, uzito pia. Bibi akisema "Niteremshe, mwanangu," pembea nzima ilisimama kwenye bega lake. Sasa alikaa tu. Anavuta klachi, watu wanazunguka, anasukuma, wanasimama. Bega lilikuwa zima, ila uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri basi.

Nilimwonea huruma, na nikiri kwamba kidogo huruma ile ilinifariji.

Mke wangu akaja na tiketi mbili. "Twende."

"Twende wapi?"

"Juu. Wewe na mimi. Kiti kimoja."

"Mimi huwa sikai na... mimi hukaa upande wa pili."

"Upande wa pili haupo tena," akasema. "Panda, watu wanasubiri."

Nikapanda. Kiti kikaingia ndani kidogo upande wangu, yeye akateleza mpaka akanigusa bega. Kisha ukaja mnyororo wa kufunga mbele. Uliondoka kwake vizuri, ukafika kwangu katikati ya tumbo, ukaishia hapo. Nikavuta pumzi ndani. Bado. Nikatoa pumzi yote niliyowahi kuvuta. Bado shubiri nzima. Foleni ikaanza kutoa ushauri.

"Fundi, ongeza kipande!"

"Weka zipu!"

Shemeji akaona zogo, akainuka. Akachomoa pamba masikioni, akanitazama nilivyokaa, akatazama mnyororo, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona meno yake.

"Shem, nilisahau kuwa una mbele," akasema. "Miaka yote nimekupima uzito, sikukupima mzunguko. Na wewe si fundi nguo? Ungenambia!"

Akaenda kwenye begi lake akarudi na kipande cha kamba ya mashua. Akakiunganisha na mnyororo, akakizungusha kwenye chuma, akafunga fundo ambalo vidole vyake vilifunga vyenyewe huku macho yake yakiwa kwenye foleni, akiwatania. Akalivuta mara mbili. "Hili hata upepo wa kusi haulifungui," akasema. Akarudi kwenye klachi. Nikamwona akirudisha pamba masikioni.

Tukaondoka.

Niseme ukweli kuhusu mwendo. Pembea ya zamani ilikupandisha kama mgonjwa. Hii ilituchukua. Uwanja ukashuka, soko likashuka, minara ya simu ikatokea, na barabara ya lami ikanyooka kuelekea Ikwiriri. Nikashika kile chuma kwa mikono miwili. Tulipofika juu kabisa nikafumba macho.

"Unafanya nini?" mke wangu akauliza.

"Natazama."

"Umefumba macho."

"Natazama kwa ndani."

Kisha nikasikia anaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuanzia puani. "Kumbe unaogopa! Miaka yote ile nakuona kule juu umetoa meno, nasema mume wangu shujaa."

"Nilikuwa siyatoi. Nilikuwa nimeyauma."

Akacheka mpaka kiti kikatikisika, jambo ambalo sikuliomba. Tukashuka, tukapita karibu na injini, nikapiga kelele, "Shem! Simamisha!" Shemeji akaona mdomo wangu unacheza. Akainua kidole gumba. Tukapanda tena.

"Hasikii," mke wangu akasema.

"Naona."

"Basi fumbua macho, maana tutakuwa huku muda." Akautoa mkono wangu mmoja kwenye chuma, kidole kimoja kimoja, kama anayefumua mshono, akaushika yeye. "Zamani nikifika hapa juu nilikuwa nakutafuta nikuonyeshe kitu. Nachungulia, naona upara."

"Kitu gani?"

"Angalia kule. Si hapo, kule, baada ya minazi."

Nikafumbua jicho moja. Nyuma ya paa za mji na mashamba ya mikorosho kulikuwa na ukanda mwembamba wa kijani iliyokolea, umelala mbali upande wa mashariki. Kwangu ulikuwa miti tu.

"Ile ni mikoko," akasema. "Kwetu ni huko. Kaka anasema sioni kweli, eti ni shamba la mtu. Lakini mie naona."

Nilitaka kumwambia kwamba kwa umbali ule huenda kaka yake anasema kweli. Tukazama chini, tukapita kwenye kelele na moshi, tukapanda tena, na tulipofika juu nikafumbua yote mawili nikatazama vizuri kule alikoelekeza. Nikamwambia naona. Hapo alinibana mkono, na kuanzia hapo hadi mwisho alinionyesha vitu: kisima chao kilikuwa wapi, mtumbwi wa shule ulipita upande gani, walikokuwa wakikata majiti na baba yao. Vyote vilikuwa ndani ya ule ukanda mmoja usiozidi upana wa utepe. Nilivikubali vyote. Tumeoana muda mrefu na baadhi ya hayo nilikuwa sijayasikia. Sikuwahi kukaa upande unaosikika.

Mwisho injini ikapunguza, watu wakaanza kushushwa kiti kwa kiti. Zamu yetu ikafika. Shemeji akaja kufungua fundo lake, pamba moja mkononi, akanichungulia usoni kwa furaha ya mtu aliyengoja siku nzima apate wa kumtania.

"Enhe, Shem! Vipi huko? Nikuteremshe?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Dada yake akaniwahi.

"Anasema tena," akasema, na akatoa tiketi mbili nyingine kwenye pochi.